Kufunga Chombo cha Kuchimbia Mitaro katika Trekta Kuukuu

Trekta kuukuu si kitu cha kutupwa. Katika Kenya ziko trekta za Massey Ferguson, za namba 35 na 135, zilizotoka kiwandani kabla ya wenyewe wa sasa kuzaliwa, na hata leo zinalima na kuvuta trela. Kwa hiyo si ajabu mwenye trekta ya namna hiyo, akiona chombo cha kuchimbia mitaro kinauzwa mnadani kwa bei nafuu, akafikiri kwamba akikifunga nyuma ya trekta yake atapata mashine ya kuchimba kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya.

Mawazo hayo si mabaya. Kazi yenyewe yawezekana, na mafundi wengi wamekwisha kuifanya. Lakini yategemea jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi siku ya mnada. Wao hutazama chuma: kama ndoo imechakaa, kama meno yake yamevunjika, kama pini zinacheza katika matundu yake. Chuma chaweza kuungwa na pini zaweza kuchongwa upya. Swali lililo kubwa zaidi ni la mafuta: je, pampu ya trekta yatoa mafuta kiasi gani kwa dakika moja, na mafuta hayo, yakiisha kufanya kazi, yatarudi wapi? Kosa katika jambo hilo huharibu trekta yenyewe, na pengine humwumiza mtu.

Na uchukuliwe mfano wa kikundi cha nyumba arobaini ambazo zataka kuvuta maji ya bomba kutoka mtoni, nao mtaro wao utakuwa wa urefu wa kilomita mbili. Kikundi kina trekta moja tu, Massey Ferguson 35, na trekta hiyo ndiyo inayowalimia mashamba kabla ya mvua ndefu. Ikiharibika gia zake katika mwezi wa Februari kwa sababu ya mtaro, watu hao hawatakosa maji tu, watakosa na mahindi. Kabla ya kufunga bolti hata moja, basi, yawapasa kuujua vizuri mtambo wa nguvu ya mafuta, ambao mafundi huuita haidroliki.

MKONO WENYE MISULI YA MAFUTA

Chombo cha kuchimbia kimeumbwa kama mkono wa mtu. Pana bega ambalo hugeuka kushoto na kulia, pana mkono wa juu, pana kigasha, na mwishoni pana ndoo yenye meno, ambayo hukunja na kukunjua kama kiganja. Pembeni iko miguu miwili ya kuegemea, nayo hushushwa mpaka ardhini kabla ya kuchimba ili trekta itulie. Kila kimoja cha viungo hivyo huendeshwa na silinda ya chuma yenye pistoni ndani yake, na bega mara nyingi lina silinda mbili. Mafuta yakiingia upande mmoja wa pistoni, silinda hurefuka. Yakiingia upande wa pili, hufupika. Na mafuta ya upande usiosukumwa hutoka na kurudi yalikotoka. Mbele ya kiti cha mchimbaji zimepangwa vali sita zenye nyenzo, ambazo mafundi huziita liva, na kila liva huamuru kiungo kimoja.

Vyombo vya kwanza vya namna hii vilibuniwa hasa kwa ajili ya trekta ndogo za shamba. Katika mwaka 1948 kampuni ya Wain-Roy, ya jimbo la Massachusetts huko Marekani, iliuza chombo chake cha kwanza kikiwa kimefungwa katika trekta ya Ford 8N. Na katika mwaka 1953 kampuni ya J.C. Bamford ya Uingereza ilifunga chake katika Fordson Major. Basi mwenye trekta kuukuu anayefikiria jambo hili hafikirii maajabu. Ataka kufanya lile lile walilofanya waanzilishi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na karakana zao, na vipimo, na vyuma vingi vya kujaribia na kuharibu.

MSUKUMO NA WINGI

Katika mtambo wa mafuta kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni msukumo, ambao mafundi huuita presha, na geji huuonyesha kwa paundi za kila inchi ya mraba. La pili ni wingi wa mafuta yanayopita kwa dakika. Msukumo ndio uipao silinda nguvu. Wingi ndio uipao mwendo. Mtu mwenye misuli akichota maji kwa kikombe ataweza kulijaza pipa, lakini itamchukua kutwa nzima. Hakukosa nguvu, alikosa ndoo.

Hesabu yake si ngumu. Silinda yenye upana wa inchi 3 kwa ndani, ikipata mafuta yenye msukumo wa paundi 2,500 kwa kila inchi ya mraba, husukuma kwa nguvu ya kuinua uzito wa tani nane hivi. Nguvu hiyo ni ile ile, mafuta yawe mengi au yawe machache. Lakini ili silinda hiyo irefuke kwa sentimita 60, yahitaji mafuta lita 2.74. Pampu itoayo lita 15 kwa dakika itairefusha kwa muda wa sekunde kumi na moja hivi. Pampu itoayo lita 40 itairefusha kwa sekunde nne.

Sasa kuichimba ndoo moja ya udongo si kazi ya silinda moja. Mkono hushuka, kigasha huvutwa, ndoo hukunjwa, mkono huinuka, bega hugeuka, ndoo humwagwa, kisha yote hurudi mwanzo. Tuseme mzunguko huo wote wahitaji lita 10 za mafuta. Kwa pampu ya lita 15, ni sekunde 40 kwa kila ndoo. Kwa pampu ya lita 40, ni sekunde 15. Ndoo ikibeba lita 50 za udongo, na mtaro ukiwa wa upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 75, pampu ndogo itachimba mita 13 kwa saa na ile kubwa mita 35. Kilomita mbili za kikundi kile zitakuwa kazi ya saa 150 kwa pampu ndogo, na saa 56 kwa pampu kubwa. Hesabu hii ni ya mezani. Shambani kuna mawe, kuna mizizi, kuna kuisogeza trekta kila baada ya mita mbili, na dizeli haimngojei mtu. Lakini yaonyesha ni kwa nini chombo kilichochimba vizuri katika trekta ya mtu mwingine chaweza kuwa kama mgonjwa katika trekta nyingine.

PAMPU ILIYO TUMBONI

Trekta za Massey Ferguson za 35 na 135 zilirithi mtambo wa mafuta uliobuniwa na Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ambaye trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, ilitengenezwa katika mji wa Coventry tangu mwaka 1946 hata mwaka 1956, nazo zilizidi 500,000. Pampu yake imo ndani ya tumbo la trekta, ikizama katika mafuta. Ina pistoni nne ndogo, nayo huzungushwa na shafti ile ile inayotokeza nyuma kuendesha mashine nyingine, iitwayo PTO.

Pampu hii ilitengenezwa kwa kuinua plau. Mkulima akifika mwisho wa mfuo huinua plau mara moja, hugeuka, hushusha, kisha pampu hupumzika. Tena vali inayoitawala haiko mahali mafuta yanapotoka. Iko mahali pampu inaponyonya. Mikono ya kuinulia ikifika juu, pampu hunyimwa mafuta, ikawa yazunguka bila kusukuma kitu. Ni akili kubwa, kwa kuwa mafuta hayapati moto bure wala nguvu ya injini haipotei. Kwa kuinua na kushusha plau, hakuna neno la kuilaumu.

Walakini vali za chombo cha kuchimbia, kwa desturi, zataka jambo la kinyume. Zataka mafuta yapite katikati yake daima na kurudi, hata wakati mchimbaji hajagusa liva. Na akigusa, mafuta yale yanayopita ndiyo yanayogeuzwa kwenda katika silinda. Kwa hiyo anayetaka kutumia pampu ya ndani ya 35 au 135 hana budi kuichukua njia ya mafuta katika tundu lililowekwa na kiwanda katika kifuniko cha mtambo wa kuinulia, na kuiweka liva ya trekta mahali pa kusukuma daima, na kuzuia mikono ya kuinulia kama kitabu cha trekta kinavyoeleza. Akiisha kufanya hivyo, atapata msukumo wa kutosha. Wingi hataupata. Pampu za namna hiyo hutoa kati ya lita 10 na lita 17 hivi kwa dakika, kwa kufuata aina ya trekta na mwendo wa injini. Ukizidisha msukumo kwa wingi, ni nguvu za farasi tano au sita tu ambazo hufika katika ndoo, kutoka katika injini yenye nguvu za farasi 35. Zilizobaki hazina njia ya kupita.

Hilo bado si baya kuliko yote. Mafuta anayoyanyonya pampu ni yale yale yanayolainisha gia na ekseli ya nyuma. Trekta ndogo za jinsi hii huwa na lita 30 hivi tumboni. Chombo cha kuchimbia kikijazwa silinda zake zote na mipira yake yote, chaweza kumeza lita 10 na zaidi. Trekta ikiwa imeinama katika mteremko, gia za upande mmoja zaweza kubaki wazi, na pampu yaweza kunyonya hewa. Ndipo mafuta hutoka povu na mkono hurukaruka. Tena chombo kilichokaa miaka sita chini ya mti kina kutu na maji ndani ya silinda zake. Siku kitakapounganishwa, uchafu huo wote utapelekwa moja kwa moja katika sanduku la gia. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuingia. Na mwenye trekta anayeendelea kuchimba baada ya kuona rangi hiyo anazisaga gia zake mwenyewe.

Kwa kuchimba shimo moja la choo, au mashimo mawili ya kuhifadhi majani ya ng'ombe, pampu ya ndani yafaa, maadamu chombo kimesafishwa na kiasi cha mafuta kinaangaliwa. Kwa mtaro wa kilomita mbili haifai.

PAMPU YA PILI NA TANGI LAKE

Mafundi wenye maarifa huuacha mtambo wa ndani ukae kama ulivyo, na kukipa chombo pampu yake, tangi lake na mafuta yake. Pampu hiyo ya gia huchomekwa katika shafti ya PTO. Kwa kuwa shafti ya trekta hizi huzunguka mara 540 tu kwa dakika, na pampu nyingi zataka mwendo wa kasi zaidi, kati yao huwekwa sanduku dogo la gia la kuzidisha mizunguko mara tatu. Kwa mwendo wa 1,620, pampu inayosukuma sentimita 25 za ujazo katika kila mzunguko itatoa lita 40 kwa dakika. Nguvu inayofika ndooni yaweza sasa kuwa ya farasi 15, nayo injini ya 35 yaimudu bila kuhema.

Pampu iliyochomekwa hivyo hutaka kuzunguka yenyewe pamoja na shafti. Hapana budi ifungwe kwa mkono wa chuma au kwa mnyororo imara katika kiunzi, si kwa waya wala kwa kamba. Mnyororo ukikatika, pampu itazunguka mzima mzima na kuipasua mipira yote kwa dakika moja.

Tangi lisiwe dogo. Kanuni ya mafundi ni kwamba liwe na lita si chini ya zile zinazotolewa na pampu kwa dakika moja, na katika nchi ya joto liwe kubwa zaidi. Kwa pampu ya lita 40, tangi la lita 60 litafaa. Kazi yake si kuweka mafuta tu, bali pia kuyapoza, na kuyapa nafasi ya kuachana na hewa na uchafu. Kwa hiyo bomba linalorudi na bomba linalonyonya yasikae karibu karibu, na katikati yake huwekwa ubao wa chuma ili mafuta ya moto yazunguke kwanza. Mafuta yafaayo ni ya haidroliki ya namba 46 au 68. Si mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, hata kama yametulia katika debe na kuonekana safi.

Mpira wa kunyonya uwe mnene, wa inchi moja na robo hivi, uwe mfupi, na uwe na waya wa kuuzuia usijikunje; pampu haina nguvu nyingi ya kunyonya, na ikinyimwa mafuta hulia kama changarawe katika debe. Mlio huo ni wa pampu inayokufa. Mpira wa msukumo watosha nusu inchi, lakini uwe wenye nyuzi za chuma ndani, na msukumo unaoweza kuuvumilia uwe umeandikwa katika ubavu wake. Mpira usio na maandishi usinunuliwe, hata uwe wa bei gani.

MAFUTA YANAYORUDI

Bomba lirudishalo mafuta ndilo lidharauliwalo kuliko yote, kwa sababu watu husema mafuta yanayorudi hayana nguvu. Ni kweli, hayana nguvu maadamu njia i wazi. Njia ikizibwa, msukumo wote hurudi nyuma mpaka katika tumbo la sanduku la vali, upande ambao haukutengenezwa kuvumilia, na sanduku hilo la chuma hupasuka mbele ya magoti ya mchimbaji. Vali ya usalama haitamwokoa, kwa maana yenyewe hupunguza msukumo kwa kuyamwaga mafuta katika bomba lilo hilo la kurudi.

Kwa ajili hiyo katika bomba la kurudi hakuwekwi bilula. Viungio vya kuchomeka kwa haraka, ambavyo hujifunga vyenyewe vikichomoka, vyafaa katika njia ya msukumo. Katika njia ya kurudi ni hatari, kwa kuwa kikiingia nusu tu chaonekana kimeshika, na kumbe kimefunga. Afadhali nati ya kukazwa kwa spana. Bomba hilo liwe la robo tatu ya inchi au zaidi, liingie tanginî chini ya uso wa mafuta ili lisitengeneze povu, na kabla ya kuingia lipite katika kichujio.

Kosa jingine hutokea katika trekta za miaka ya baadaye, ambazo zina matundu mawili ya mafuta nyuma, yanayoamriwa na liva moja. Mtu huunganisha mpira wa msukumo katika tundu moja na mpira wa kurudi katika tundu la pili, na chombo kikafanya kazi vema. Siku moja mtoto au mtu mgeni huisukuma liva ile upande wa pili. Hapo mafuta yenye msukumo wote huingia kwa mlango wa kutokea, na matokeo yake yamekwisha kuelezwa. Mafuta ya kurudi yapelekwe moja kwa moja katika tangi au katika sanduku la gia, yasipitie vali ya trekta kabisa, nayo liva ifungwe isiweze kwenda upande usiotakiwa.

Hesi za viungo nazo zina hila yake. Hesi za Kiingereza na hesi za Kimarekani hufanana kwa macho, na kiungo cha namna moja chaweza kuingia katika tundu la namna nyingine kwa mizunguko miwili au mitatu kabla ya kukataa. Fundi mwenye haraka hukilazimisha, kisha hukizungushia utepe mweupe wa mafundi wa maji ili kisivuje. Tundu hupata ufa, na vipande vya utepe husafiri mpaka katika vali na kukwama humo. Utepe huo hauna kazi katika mtambo wa mafuta. Kiungo kisichoingia kwa vidole si chake.

UTI WA MGONGO WA TREKTA

Trekta za Ferguson na Massey Ferguson za namna hii hazina fremu. Injini, sanduku la gia na ekseli ya nyuma vimefungwa pamoja kwa bolti, na ndivyo vyenyewe uti wa mgongo. Navyo ni vya chuma kilichomiminwa katika kalibu, ambacho huvumilia sana kugandamizwa lakini hupasuka kikipindwa. Chombo cha kuchimbia chenye uzito wa kilo 500, kikivuta mzizi wa mti kwa nguvu ya tani kadhaa, huupinda uti huo kila wakati ndoo inapogota.

Wako wanaokifunga chombo katika mikono mitatu ya kuinulia plau, kwa sababu ni rahisi na kazi huisha kwa nusu saa. Haifai. Mikono hiyo imetengenezwa kwa kuvuta na kuinua, wala haizuii kitu kisiinuke. Ndoo ikisukumwa chini kwa nguvu, chombo chote chaweza kupanda juu na kukunjika kuelekea mbele, na aliyeketi akabanwa kati ya chombo na mgongo wa trekta. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika nchi zenye mashine nyingi, hata watengenezaji wengi wakaanza kuviuza vyombo vyao pamoja na kiunzi chake.

Kiunzi hicho ni boriti mbili za chuma zinazopita chini ya trekta, moja kila upande, kutoka katika chombo mpaka karibu na ekseli ya mbele. Hushikwa kwa bolti katika ekseli ya nyuma na mbele karibu na injini, kwa matundu yaliyowekwa na kiwanda, na nguvu ya kuchimba hupita katika boriti badala ya kupita katika sanduku la gia. Kuchomelea chuma juu ya ekseli kwa moto wa umeme ni kuipasua kabla ya kuanza kazi. Mbele ya trekta huongezwa vyuma vya uzito, la sivyo magurudumu ya mbele yatapunguza kugusa chini na usukani hautasikia njiani. Kiunzi hugharimu fedha, na katika hesabu ya kikundi kile chaweza kuwa cha ghali kuliko pampu. Lakini ndicho kitakachowarudishia trekta nzima wakati wa kulima.

TUNDU DOGO KAMA LA SINDANO

Mpira ukipata tundu dogo lisiloonekana, mafuta hutoka kama unyuzi mwembamba. Msukumo wa paundi 2,500 ni zaidi ya mara sabini ya ule ulio katika tairi la motokaa, na unyuzi huo waweza kupenya ngozi na kuingia katika mwili. Jeraha lake ni kama la mwiba. Mara nyingi haliumi sana kwa saa za kwanza, na mtu hulifuta kwa kitambaa akaendelea na kazi. Lakini mafuta yaliyoingia huua nyama kwa ndani, na waliochelewa wamekatwa vidole na mikono. Mtu aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe wazi kwamba ni mafuta ya mashine yenye msukumo, kwa kuwa jeraha lenyewe halitamwambia. Hilo ni jambo la kupasuliwa upesi, si la kufungwa bendeji.

Kwa hiyo mahali panapovuja hapatafutwi kwa kiganja. Hupitishwa kipande cha karatasi ngumu ya boksi. Na kabla ya kufungua kiungo chochote, ndoo hulazwa chini, injini huzimwa, na liva zote husukumwa huku na huku mpaka zilegee, ili msukumo uliofungiwa utoke.

SIKU YA KWANZA

Siku ya kuanza, chombo huoshwa kwanza nje, kisha ndani. Silinda hurefushwa na kufupishwa kwa mkono au kwa winchi huku mipira yake ikimwaga katika debe, mpaka kutu na maji viishe. Tangi hujazwa, na injini huwashwa kwa mwendo wa chini kabisa. Hakuna kuchimba. Kila silinda hupelekwa mpaka mwisho na kurudishwa mara tano au sita, pole pole, ili hewa itoke. Na mafuta katika tangi yatapungua, kwa sababu silinda zimeyameza. Huongezwa wakati silinda zote zimefupishwa, mradi nafasi kidogo iachwe juu.

Kisha geji hutazamwa. Silinda moja ikipelekwa mwisho na liva kushikiliwa kwa sekunde chache, msukumo hupanda mpaka pale vali ya usalama inapofungua. Namba hiyo ilingane na ile iliyopigwa katika kibati cha chombo, au ile ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, iwe ni pampu au mpira au silinda. Wako mafundi ambao, chombo kikiwa kizito, huikaza skrubu ya vali hiyo kidogo, kisha kidogo tena. Mwendo hauongezeki kwa kufanya hivyo, kwa sababu mwendo watoka katika wingi. Kinachoongezeka ni joto.

Joto lenyewe hupimwa kwa mkono juu ya tangi, baada ya saa moja ya kazi. Tangi lisiloshikika kwa sekunde tano lina moto mno, na kazi husimama mpaka sababu ijulikane. Aghalabu ni mchimbaji anayeshikilia liva wakati silinda imekwisha kufika mwisho, hata mafuta yakawa yanapita katika vali ya usalama bila kufanya kazi.

Kabla ya ndoo kugusa ardhi, mtu apite njia yote ya mtaro na kuuliza kama pana waya za umeme au mabomba ya maji chini. Mtaro wa bomba wa sentimita 75 hauna hatari kubwa ya kubomoka. Ukizidi kimo cha kifua cha mtu, pasiingie mtu ndani mpaka kingo zake zimelazwa au zimeegemezwa mbao. Liva huguswa na mtu aliyeketi katika kiti cha chombo tu. Anayesimama pembeni na kunyosha mkono juu ya liva yumo katika njia ya bega likigeuka.

Baada ya saa kumi za kwanza bolti zote za kiunzi hukazwa tena, maana chuma kipya na rangi mpya hujilaza. Baada ya saa 50 kichujio cha mafuta yanayorudi hutolewa na kubadilishwa, hata kama chaonekana kizuri. Kile cha zamani hukatwa kwa msumeno, na karatasi yake hukunjuliwa juani juu ya bati. Vumbi jeusi kidogo ni la kawaida. Vipande vya mpira ni sili ya silinda iliyokwisha kuliwa, na yafaa itafutwe ni ya silinda gani. Chembe zinazong'aa na kushikwa na sumaku zatoka katika pampu au katika silinda yenye kutu. Kama ni nyingi, chombo hufunguliwa wiki ile ile, maadamu mtaro haujafika mbali na karakana.